Kampuni ndogo ya usafi, watu saba niliowalipa mwaka 2025: nani anapaswa kupewa fomu 1099-NEC?

Dekio-Ohio
10 Januari 2026

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Columbus, Ohio, na mwezi Februari mwaka jana nilisajili kampuni ndogo ya LLC (kampuni yenye dhima yenye mipaka), mwenyewe nikiwa mmiliki pekee, inayosafisha ofisi nyakati za usiku. Mwaka umeisha salama, wateja wamelipa, nami nimewalipa walionisaidia. Sasa nimefika kwenye jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, yaani kuitaarifu IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa fomu 1099-NEC kuhusu fedha nilizowalipa watu ambao sikuwaajiri.

Nimekaa na daftari na taarifa za benki nikapata watu saba. Wa kwanza ni fundi wa mazulia, ambaye huja na gari lake na mashine yake ninapopata mteja mwenye zulia. Nimemlipa jumla ya dola 3,850 kwa Zelle. Wa pili husafisha vioo vya madirisha ya juu, na nimemlipa dola 540 kwa hundi na dola 900 kwa PayPal. Wa tatu na wa nne ni dada wawili wanaodeki nami kila usiku. Mmoja amepata dola 11,200 na mwenzake dola 9,460. Wa tano ni kijana wa Arusha aliyenitengenezea tovuti kwa dola 1,200, ambazo nilimtumia kwenye simu yake. Wa sita ni mzee aliyenipangisha banda la kuhifadhia vifaa kwa dola 250 kwa mwezi, miezi kumi. Wa saba ni ofisi ya mwanasheria iliyonisomea mkataba wa mteja mkubwa, dola 750 kwa hundi.

Nimeshasikia maneno ya kila aina. Rafiki yangu mmoja anasema fedha za Zelle hazihesabiwi kwa sababu benki zenyewe hutoa taarifa. Mwingine anasema kiwango cha malipo kinacholazimu fomu kimepanda hadi dola 2,000, kwa hiyo nisihangaike na waliolipwa kidogo. Wa tatu ameniambia waziwazi kwamba nisiandike lolote mpaka siku nitakapoulizwa. Fundi wa mazulia naye, nilipomwomba namba yake ya kodi, alijibu kwamba yeye ni kampuni, hivyo hahusiki. Naomba mwenye ujuzi anieleze mtu kwa mtu, na anitajie tarehe ya mwisho.

Mhasibu-Minnesota
10 Januari 2026

Ndugu Dekio, kazi yangu ni kuwajazia wafanyabiashara wadogo ritani zao hapa Minneapolis, na orodha yako ingefaa kufundishia darasani, kwa kuwa watu wako saba hawaangukii mahali pamoja hata kidogo.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja ambao wengi wetu tumekuja nao kutoka nyumbani. Tanzania, kampuni inayomlipa mkazi ada ya huduma humkata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha TRA. Kenya nako ada za kitaalamu hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya KRA. Hapa Marekani mkandarasi wa kujitegemea aliyekupa namba yake sahihi hakatwi kitu. Unamlipa ankara yake yote, kisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata unaiambia IRS kwamba ulimlipa kiasi fulani, na yeye ndiye atakayepiga hesabu na kulipa kodi yake. Kwa hiyo 1099-NEC ni taarifa, haina hundi yoyote ya kuambatanisha, na labda ndiyo sababu watu huidharau.

Habari ya dola 2,000 ni ya kweli, ila wewe umeipokea kabla ya wakati wake. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepandisha kiwango hicho kwa malipo yanayofanywa kuanzia tarehe 1 Januari 2026, yaani kwa fomu utakazojaza mwanzoni mwa 2027. Kwa fedha ulizolipa mwaka 2025, kiwango kinabaki kuwa dola 600 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, malipo yote yakijumlishwa, na kinachotazamwa ni siku uliyolipa, wala si siku kazi ilipofanyika. Nakala ya mkandarasi na nakala ya IRS zote mwisho wake ni tarehe 31 Januari. Mwaka huu siku hiyo ni Jumamosi, kwa hiyo una nafasi hadi Jumatatu, tarehe 2 Februari.

Sasa fundi wa mazulia. Rafiki yako wa Zelle amekosea: Zelle huhamisha fedha kutoka benki moja hadi nyingine na haitoi fomu 1099-K, ile ya mitandao ya malipo kuitaarifu IRS, kwa mtu yeyote, kwa hiyo malipo hayo yanahesabiwa sawa na hundi au fedha taslimu. Na hilo la kwamba yeye ni kampuni halimtoi. Wanaotolewa katika 1099-NEC ni makampuni yanayotozwa kodi kama korporesheni. Neno LLC peke yake halituambii anatozwaje. LLC ya mtu mmoja ambayo haikuomba kutozwa vingine huhesabiwa kuwa ni yule mtu mwenyewe, kama ilivyo LLC yako wewe. Jibu liko kwenye fomu W-9, ambayo ndani yake anaandika jina, anaweka alama kwenye aina ya biashara yake, anataja namba yake na kutia saini. Fomu hiyo huitumi popote. Unaihifadhi miaka 4. Ningekuwa na uwezo ningeweka amri kwamba hakuna mtu kulipwa senti moja kabla ya W-9 kufika mezani, kwa sababu mwezi Januari mtu aliyekwisha kulipwa hana haraka ya kukujibu.

Akikataa kabisa, sheria inakutaka kila unapomlipa umkate asilimia 24 na kuipeleka IRS, na makato hayo hutolewa taarifa yake kwenye fomu 945. Kwa malipo yaliyokwisha kupita, jaza 1099-NEC yake hata kama sehemu ya namba itabaki tupu, na uhifadhi ujumbe wote uliomwandikia ukimwomba, pamoja na tarehe zake. Ukimweleza habari ya asilimia 24 kwa upole, mara nyingi kumbukumbu ya namba humrudia.

Msafisha vioo ana hesabu mbili. Malipo ya kadi na ya mitandao kama PayPal, yakipita kwenye mfumo wa malipo ya biashara, huwa ni jukumu la mtandao wenyewe kuyatolea taarifa kwa 1099-K, na wewe huyaandiki, hata kama msafisha vioo huyo hatafikia kiwango kitakachoulazimu mtandao kumtolea fomu hiyo. Zikitolewa dola 900 zinabaki 540 za hundi, ambazo ziko chini ya 600, kwa hiyo hana fomu. Hata hivyo angalia vizuri ulizituma kwa njia ipi. Kama ulichagua njia ya kutumiana fedha ndugu na marafiki ili kukwepa ada, hayo si malipo ya biashara machoni pa PayPal. Hapo dola 1,440 zote ni zako kuziandika.

Mwanasheria huwashangaza wengi. Ada ya mwanasheria haina msamaha wa korporesheni, hivyo ofisi hiyo inapata 1099-NEC ya dola 750 iwe imesajiliwa vyovyote. Ungelipa kwa kadi usingeandika. Mzee wa banda, kama ni mtu binafsi na si kampuni ya korporesheni wala wakala wa nyumba, anapata 1099-MISC, fomu ya malipo mengine kama pango, kisanduku cha 1, kodi ya pango dola 2,500. Nakala yake mwisho ni tarehe hiyohiyo ya 2 Februari, lakini ya IRS ina muda zaidi: tarehe 2 Machi kwa karatasi, 31 Machi kwa njia ya kielektroniki.

Kijana wa Arusha hana 1099 wala makato, kwa kuwa si raia wala mkazi wa Marekani na kazi yote aliifanya akiwa Arusha, jambo linaloifanya fedha hiyo isiwe pato lenye chanzo Marekani. Mwombe W-8BEN, fomu ya kutamka kwamba si mtu wa Marekani, uiweke pamoja na ankara yake. Angekuja Ohio akaifanya kazi hiyo akiwa kwako mezani, ungekuwa mjadala mwingine kabisa, wenye makato ya asilimia 30 ndani yake.

Wale dada wawili nimewaacha makusudi. Kabla sijajibu nieleze: nani hupanga saa zao, dekio na sabuni ni za nani, na je, wana wateja wengine?

Dekio-Ohio
11 Januari 2026

Ahsante sana, mhasibu. Saa napanga mimi, kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Vifaa vyote ni vyangu, hata fulana zenye jina la kampuni nimewanunulia mimi. Nawalipa kwa saa. Wateja wengine hawana, ingawa mmoja hufanya kazi mchana kwenye ghala. Tuliandikiana mkataba unaosema kwamba wao ni wakandarasi wa kujitegemea na kila mmoja atajilipia kodi yake, na wote wawili walitia saini wakiwa radhi.

Halafu ile ya PayPal nimeiangalia. Nilituma kama kwa rafiki, kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba asikatwe ada.

Mhasibu-Minnesota
11 Januari 2026

Basi msafisha vioo anapata 1099-NEC ya dola 1,440, na kuanzia sasa mlipe kwa hundi, maana ada aliyoikwepa haikumwokolea kitu zaidi ya dola chache.

Kuhusu dada zetu, nitasema wazi ili usipoteze muda: kwa maelezo yako hao ni wafanyakazi wako, na mkataba wenu, hata ungetiwa saini mbele ya hakimu, haubadilishi hilo. IRS hutazama mambo matatu kwa pamoja: nani anaongoza namna kazi inavyofanywa, nani anabeba upande wa fedha wa kazi hiyo, yaani vifaa, gharama, na uwezekano wa kupata faida au hasara, na mwisho uhusiano wenyewe ukoje kati yenu. Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo humfikisha mtu karibu na jibu kuliko kurasa nyingi za mwongozo. Fundi huitwa, hukagua kazi, hutaja bei, huja na vyombo vyake, na akimaliza huenda kwa mteja mwingine. Akiharibu, hasara ni yake. Kibarua huambiwa afike saa ngapi, asimame wapi na ashike nini, na saa zikiisha hulipwa saa zake. Fundi wako wa mazulia ni fundi kweli. Hao wawili, hata tuwaite jina zuri namna gani, wanafanya kibarua chako. Maneno haya si kipimo cha sheria, na ziko kazi zinazokaa katikati, lakini yako haiko katikati.

Kwa mfanyakazi fomu ni W-2, na nyuma yake kuna fomu 941 ya kodi za mishahara ya kila robo mwaka, makato ya Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee) ya asilimia 7.65 kutoka kwake na asilimia 7.65 nyingine kutoka kwako, kodi ya ukosefu wa ajira ya serikali kuu na ya jimbo, na kwa Ohio kuna mfuko wa jimbo wa fidia kwa wanaoumia kazini, ambao mwajiri hujiunga nao hata akiwa na mfanyakazi mmoja tu. Ratiba ya mwaka huu inaanza leo, kwa hiyo waingize kwenye mfumo wa mishahara kabla ya malipo yanayofuata.

Kwa mwaka uliopita, njia iliyo safi ni kujaza 941 za robo zilizopita, hata kama umechelewa, pamoja na W-2 mbili kabla ya 2 Februari. Utalipa sehemu yako, na jiandae kulipa sehemu yao pia kwa kuwa hukuikata kwa wakati wake. Utaumia, lakini linganisha na ushauri wa yule rafiki wa tatu. Ipo kanuni ya sheria inayomhusu mwajiri aliyemchukulia mfanyakazi kama mkandarasi bila kukusudia kuvunja sheria. Kama alikuwa ametoa 1099, anatozwa asilimia 1.5 ya malipo badala ya kodi ya mapato ambayo hakuikata, asilimia 20 ya sehemu ya mfanyakazi ya ile 7.65, na sehemu yake mwenyewe yote. Kwa dada wa dola 11,200 hiyo ni dola 168, kisha 171.36, kisha 856.80, jumla dola 1,196.16. Kama hakutoa fomu yoyote, ile 1.5 inakuwa 3 na ile 20 inakuwa 40, na jumla inafika dola 1,535.52. Huo ndio ukimya anaouita salama, na hapo sijagusa adhabu wala riba. Aidha, aliyefanya kwa makusudi hanufaiki na viwango hivyo vya nafuu, na wewe baada ya kusoma majibu haya huwezi tena kusema hukujua.

Mtafute mhasibu aliye Ohio akae na hesabu zako kabla hujatuma chochote kuhusu hao wawili. Wengine wote unaweza kuwamaliza mwenyewe.

Dereva-Dallas
12 Januari 2026

Mhasibu, naheshimu elimu yako, lakini nadhani umemtisha ndugu yetu kupita kiasi. Mimi nimeendesha malori miaka sita, na kampuni mbili nilizofanya nazo kazi zilinipa 1099 ingawa lori lilikuwa lao, safari walipanga wao, na hata mahali pa kujazia mafuta waliniambia wao. Hakuna aliyeshtakiwa. Kama wenye malori mia wanafanya hivyo, mwenye dekio tatu atafuatwa na nani? Isitoshe, wengi wetu tunaipenda 1099 kwa kuwa tunapokea fedha nzima na tunaondoa gharama zetu.

Mama-Louisville
12 Januari 2026

Kaka Dereva, ruhusa nijibu kabla ya mhasibu, kwa kuwa mimi nimekaa upande wa pili wa meza hiyo. Mwaka wangu wa pili hapa Kentucky nilifanya usafi kwa mtu wa kwetu, tena tuliyesali pamoja. Alinilipa fedha nzima kila Ijumaa, nami nilimsifu kwa watu kwamba huyu hakati. Januari akanipa karatasi ya 1099, nikaiweka kabatini nikidhani ni risiti. Aprili, aliyenijazia ritani aliniambia nina deni la zaidi ya dola elfu moja, nami sikuwa nimeweka akiba hata ya dola hamsini.

Nilichojifunza siku ile ni hiki. Mtu aliyejiajiri hulipa asilimia 15.3, sehemu yake na ile ambayo mwajiri angelipa, na deni hilo linaanza faida ikifika dola 400. Mchukueni yule dada wa dola 9,460: kama hana gharama za kuondoa, hesabu hufanywa juu ya asilimia 92.35 ya fedha hiyo, na inakuja karibu dola 1,337. Kodi ya mapato kwenye fedha hiyo anaweza asidaiwe kabisa, kwa sababu kwa mwaka 2025 mtu asiye na mwenza anaondolewa dola 15,750 za kwanza, lakini hizo 1,337 zinabaki palepale. Mtu anayeendesha lori lake mwenyewe ana mafuta, matairi na bima za kuondoa. Sisi tuliokuwa tunatumia dekio la tajiri tulikuwa na nini cha kuondoa zaidi ya nauli? Na kazi ilipokatika nilikwenda kuomba fidia ya ukosefu wa ajira, nikaambiwa hakuna mwajiri aliyewahi kunilipia.

Simlaumu sana yule ndugu, naamini naye hakuambiwa. Ila mtu asiseme kwamba 1099 ni zawadi kwa mfanyakazi.

Mhasibu-Minnesota
12 Januari 2026

Mama amenipunguzia kazi. Dereva, lori likiwa lao na safari ikiwa yao, ungeweza kujaza fomu SS-8 na kuiomba IRS iamue wewe ni nani. Haina ada, ingawa jibu huchukua miezi sita au zaidi. Na wafanyabiashara wadogo hawasubiri kufuatwa na mkaguzi: kinachowafichua kwa kawaida ni mfanyakazi mmoja anayekwenda kuomba fidia kama alivyofanya mama, au anayeteleza ngazini akaumia. Tena ritani yako yenyewe inakuuliza. Jedwali C, ukurasa wa mapato ya biashara ambao Dekio ataujaza kwa LLC yake, una swali kuhusu kama ulifanya malipo yaliyokupasa kutoa 1099, na swali linalofuata ni kama umezitoa au utazitoa. Na ritani nzima unaitia saini kwa kiapo.

Fundi-Tovuti
13 Januari 2026

Niongeze neno kwa upande wa kijana wa Arusha, kwa sababu nami nafanya kazi hiyo hapa Mwanza na wateja wangu watatu wako Marekani. Mara ya kwanza nilipotumiwa W-8BEN niliogopa kwamba najisajili kulipa kodi nchi nisiyowahi kufika. Kumbe ni tamko tu kwamba mimi si mtu wa Marekani. Mstari wa 6a niliandika TIN yangu ya TRA. Sehemu ya mkataba wa kodi niliiacha wazi, kwa kuwa Tanzania na Marekani hazina mkataba huo, wala Kenya hawana. Inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliotia saini. Ndugu Dekio, mtumie pamoja na maelezo mafupi kwa Kiswahili. Akipokea karatasi ya kigeni bila maelezo atadhani ni matapeli. Pato lenyewe atalitangaza TRA kama pato lake jingine lolote.

Dekio-Ohio
24 Januari 2026

Nimerudi na taarifa. Nimepata mhasibu hapa Columbus, dada zangu wawili wameingizwa kwenye mishahara tangu wiki iliyopita, na 941 za mwaka jana anazishughulikia yeye. Mmoja wao hakufurahi kuona makato kwenye malipo ya kwanza, nikamsomea maneno ya Mama-Louisville yote, akanyamaza akifikiri. Mwanasheria alileta W-9 siku hiyohiyo. Mzee wa banda alinikaribisha chai na kunipa namba bila shida. Msafisha vioo naye ametuma.

Fundi wa mazulia, baada ya kusikia asilimia 24, ameleta W-9 usiku, lakini mstari wa kwanza ameandika jina la LLC, ameweka alama kwenye kisanduku cha LLC bila kuandika herufi yoyote pembeni, na namba aliyotoa ni EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni. Niikubali hivyo? Na je, nikichelewa siku chache kwa ajili yake ni kosa kubwa?

Mhasibu-Minnesota
24 Januari 2026

Usiikubali. Kisanduku cha LLC ni cha zile zinazotozwa kodi kama korporesheni au kama ubia, na lazima kiandamane na herufi C, S au P. Yeye akiwa mmiliki pekee asiyeomba kutozwa vingine, anaandika jina lake mwenyewe mstari wa kwanza, jina la LLC mstari wa pili, alama kwenye kisanduku cha mtu binafsi, na namba iwe yake: ya Hifadhi ya Jamii, au EIN iliyo kwa jina lake. Ukitumia jina la mmoja na namba ya mwingine, kompyuta za IRS zitashindwa kuvilinganisha, na miezi kadhaa baadaye utapokea barua ya kukuamuru uanze kumkata ile asilimia 24.

Kuchelewa kuna bei yake, ambayo hupanda kwa ngazi. Kwa fomu zinazotakiwa mwaka huu ni dola 60 kwa kila moja ukiwasilisha ndani ya siku 30 baada ya tarehe, dola 130 ukiwasilisha kabla ya tarehe 1 Agosti kupita, na dola 340 baada ya hapo. Aliyepuuza kwa makusudi huanzia dola 680. Nakala ya IRS na nakala ya mkandarasi huhesabiwa mbalimbali, kwa hiyo fomu moja iliyosahauliwa huweza kukugharimu mara mbili. Kama ifikapo tarehe 30 hajarekebisha, tuma fomu yake kwa ulichonacho, kisha utume ya kusahihisha atakapoleta W-9 iliyo sawa.

Fomu zako zote, ukijumlisha na W-2, ni sita, na amri ya kutuma kwa njia ya kielektroniki inaanzia kumi, hivyo karatasi zinaruhusiwa. Usichapishe nakala A, ile inayokwenda IRS, kutoka kwenye tovuti ya IRS: ile yenye wino mwekundu husomwa na mashine na iliyochapishwa nyumbani haikubaliki. Nunua kwenye duka la vifaa vya ofisi leo, maana kwa kuagiza IRS hazitakufikia kwa wakati. 1099-NEC tatu zifunike kwa fomu 1096 moja, ambayo ni ya muhtasari, na ile 1099-MISC ya mzee iwe na 1096 yake peke yake. IRS ina mfumo wake wa bure wa kutumia mtandaoni uitwao IRIS, lakini kibali cha kuutumia huchukua wiki kadhaa. Kiombe mwezi Septemba kwa ajili ya mwaka ujao.

Dekio-Ohio
26 Januari 2026

Amerekebisha. Jina lake mstari wa kwanza, na namba ya Hifadhi ya Jamii. Bahasha ziko kwenye kiti cha gari, napita posta kesho asubuhi kabla sijalala.

Mama-Louisville
26 Januari 2026

Omba stakabadhi ya posta yenye tarehe, kaka, na uibane pamoja na nakala zako.